Kilo 23: Karatasi, Kioo na Amana ya Msomaji

Mtu anayerudi Stockholm kutoka Dar es Salaam baada ya likizo hukutana na mizani mara mbili. Mara ya kwanza ni nyumbani kwa mama yake, ambako begi hupimwa kwa mizani iliyoazimwa kwa jirani. Mara ya pili ni katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, ambako kubembeleza hakusaidii. Tiketi nyingi za daraja la kawaida huruhusu begi la kilo 23. Ndani yake mna unga wa muhogo, dagaa waliofungwa mara tatu ili wasinuke, khanga za zawadi, achari ya embe, na vitabu. Mizani ikisoma kilo 26, lazima kitu kitoke. Dagaa hawatoki, kwa kuwa mama amewachambua kwa mkono wake. Khanga hazitoki, kwa kuwa zimekwisha kuahidiwa watu. Vinavyotoka ni vitabu, na kauli inayovisindikiza inajulikana: “Hivi utavipata mtandaoni.”

Kauli hiyo ni ya faraja, na aghalabu husemwa kwa huruma. Hata hivyo, imebeba madai matatu ambayo hayakukaguliwa kama begi lilivyokaguliwa. La kwanza ni kwamba vitabu hivyo kweli vipo mtandaoni. La pili ni kwamba kukipata kitabu kwenye kioo ni sawa na kuwa nacho. La tatu ni kwamba kilichoachwa pale mizanini ni uzito tu. Msomaji wa Kiswahili aliyeko ughaibuni hana budi kuyapima madai hayo moja baada ya jingine, kwa kuwa uamuzi wake kati ya karatasi, kishikwambi na kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki haumhusu yeye peke yake.

Stockholm ni mahali panapofaa kwa upimaji huo, maana Sweden yenyewe imekuwa ikibishana juu ya karatasi na kioo kwa miaka kadhaa. Mtaala wa shule za awali ulioanza kutumika Julai 2019 ulitaka hata watoto wadogo wakutane na zana za kidijitali. Miaka minne baadaye upepo uligeuka. Matokeo ya upimaji wa kimataifa wa usomaji, PIRLS, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la nne wa Sweden walikuwa wameshuka kutoka alama 555 mwaka 2016 hadi 544 mwaka 2021. Wataalamu wa Taasisi ya Karolinska waliukosoa waziwazi mkakati wa kuzifanya shule kuwa za kidijitali. Serikali ilitenga kronor milioni 685 kwa ununuzi wa vitabu vya shule mwaka huo wa 2023, ikaahidi milioni 500 kwa kila mmoja wa miaka miwili iliyofuata. Nchi iliyokuwa mbele katika kuweka kompyuta madarasani ikawa mbele katika kurudisha karatasi.

Utafiti nao una la kusema. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000 kwa jumla, na wakaonyesha kwamba wasomaji huelewa vizuri zaidi matini za maarifa wanapozisoma kwenye karatasi, hasa wakiwa na muda mdogo. Kwa hadithi peke yake, tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka uliofuata, Anne Mangen wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, pamoja na wenzake, walieleza jaribio ambalo watu walisoma hadithi moja ndefu ya upelelezi, baadhi yao kwa kitabu cha karatasi na baadhi kwa Kindle. Kwa mambo mengi makundi hayo mawili yalilingana. Waliosoma kwa Kindle walizidiwa walipotakiwa kupanga matukio kwa mfuatano wa wakati. Huenda mkono unaohisi kurasa zikipungua kulia na kuongezeka kushoto huisaidia kumbukumbu kujua tukio lilitokea wapi.

Ni haki pia kusema kwamba vioo havifanani. Kifaa cha kusomea chenye wino wa kielektroniki hupanga chembe nyeusi na nyeupe ndani ya vidonge vidogo mno, na ukurasa wake husomeka kwa mwanga unaouangukia, kama karatasi. Betri yake hudumu kwa wiki kadhaa, na hakina kazi kubwa zaidi ya kusomwa. Kishikwambi kina rangi na sauti, lakini kina pia ujumbe, habari, michezo na simu ya shangazi kutoka Tanga katikati ya sura ya tano. Asiyetenganisha vifaa hivi viwili huishia kukilaumu kimoja kwa makosa ya kingine.

Hata hivyo, tafiti zote hizo huanza na dhana moja: kwamba matini ileile ipo kwa namna zote mbili, na kazi iliyobaki ni kulinganisha. Kwa mwanafunzi wa Kiswidi dhana hiyo ni sahihi. Atakayechagua kusoma riwaya ya Selma Lagerlöf ataikuta dukani, maktabani, kwenye simu na kwenye programu ya kusikiliza. Msomaji wa Kiswahili aliye katika mji huohuo mara nyingi hana anasa ya kulinganisha. Kabla ya kuuliza asome kwa kifaa gani, hulazimika kuuliza kama kitabu kipo.

Hapo ndipo dai la kwanza linapoingia, na mfano wake mkubwa umo Stockholm kwenyewe. Tarehe 7 Oktoba 2021, Akademia ya Sweden ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kwa Kiswidi ilitoka mwaka 2012. Kwa Kiswahili ilitoka mwaka 2022, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Kwa miaka 10, basi, Mzanzibari aliyeishi Stockholm aliweza kusoma kisa cha kijana Yusuf kwa lugha ya nchi iliyompokea, na hakuweza kukisoma kwa lugha ambayo Yusuf mwenyewe angeitumia kuomba maji. Tatizo lake halikuwa karatasi wala kioo. Matini yenyewe haikuwapo.

Nyuma ya riwaya hiyo kuna nyingine nyingi ambazo zilikwisha kuchapwa kwa Kiswahili, zikauzwa, zikaisha, na hazikurudi mitamboni. Baadhi zilikusanywa na maktaba ya Taasisi ya Afrika ya nchi za Nordiki, iliyoasisiwa Uppsala mwaka 1962, safari isiyofika saa moja kwa treni kutoka Stockholm. Sheria ya maktaba ya Sweden, iliyoanza kutumika mwaka 2014, huzitaka maktaba za umma ziwajali wasomaji ambao lugha yao ya kwanza si Kiswidi. Lakini sheria haiwezi kununua kitabu ambacho hakuna anayekichapa, na posta kutoka Afrika Mashariki huweza kugharimu kuliko kitabu chenyewe.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeibeza skrini kwa jina la harufu ya karatasi anapaswa kwanza kuonyesha umbali kati ya mlango wake na duka la vitabu lililo karibu. Kioo kimetenda haki ambayo karatasi ilishindwa kuitenda. African Storybook, mradi ulioanza mwaka 2014, umeweka mtandaoni hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, bure na kwa idhini ya kuzichapa. Baba anayefika nyumbani Husby saa mbili usiku, theluji ikiwa bado mabegani, anaweza kumsomea mwanawe hadithi kwa Kiswahili kabla mtoto hajalala, hata kama hakuna kitabu hata kimoja cha Kiswahili nyumbani. Bibi ambaye macho yake yamechoka hukuza herufi hadi zitoshe, jambo ambalo hakuna mpiga chapa aliyewahi kumfanyia. Kwa watu hawa wawili, kuambiwa kwamba karatasi ni bora ni kama kuambiwa kwamba samaki mbichi ni bora kuliko wa kopo, huku bahari ikiwa kilomita elfu saba.

Dai la kwanza, basi, ni la kweli kwa sehemu. Vingine vipo mtandaoni, vingine havipo, na baadhi ya vilivyopo viko huko kwa njia isiyo safi. Katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa ughaibuni huzunguka faili za riwaya zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mpigaji kikionekana pembeni. Anayezituma huona anaeneza lugha. Anayezipokea hushukuru. Aliyeandika hapati kitu, na mchapishaji aliyethubutu kutoa riwaya ya Kiswahili katika soko dogo huhesabu nakala zilizolala ghalani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Msomaji anayepokea mshahara wa kronor ana udhuru mdogo kuliko mwanafunzi wa Morogoro asiye na nauli. Kwa kitabu kilichokwisha sokoni na ambacho mwenyewe hayupo wa kulipwa, dhamiri inaweza kubishana. Kwa kitabu kinachouzwa leo Dar es Salaam au Nairobi, haina cha kubishania. Kauli ya “utavipata mtandaoni” inayotamkwa pale mizanini, mara nyingine humaanisha kwamba mwandishi hatalipwa.

Dai la pili ni zito zaidi. Kukipata kitabu kwenye kioo, je, ni kuwa nacho? Mwezi Julai 2009, Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja wake nakala za riwaya mbili za George Orwell, 1984 na Animal Farm, kwa kuwa aliyeziuza kupitia duka hilo hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa fedha zao, na baadaye kampuni iliomba radhi. Mwanafunzi mmoja wa Marekani, aliyekuwa akiisoma 1984 kwa ajili ya masomo, alibaki na maelezo yake ya pembeni yakielea bila matini yaliyokuwa yakiyaeleza. Miaka 10 baadaye Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu ambavyo watu walikuwa wamevinunua humo vikaacha kufunguka. Hapo pia fedha zilirudishwa. Katika visa vyote viwili hakuna aliyeibiwa senti, na bado kila mmoja alielewa kwamba kuna kitu kilichochukuliwa.

Inafaa kukumbuka kwamba Animal Farm ina nakala ya Kiswahili: Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967. Nakala ya mwaka huo iliyoko katika kabati la mwalimu mstaafu huko Bukoba inaweza kuliwa na mchwa, kulowa mvua, au kuazimwa na mpwa asiyerudisha. Lakini hakuna ofisi yoyote duniani inayoweza kuifikia usiku ikaiondoa na kuacha fedha mahali pake. Mchwa ni adui anayejulikana, na kwa mchwa pana dawa.

Sheria ya Ulaya, inayotumika pia Sweden, imeiweka tofauti hiyo wazi. Tarehe 19 Desemba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya kampuni ya Uholanzi iliyoitwa Tom Kabinet, kwamba kitabu cha kielektroniki hakiwezi kuuzwa tena kama kitabu cha mkono wa pili bila ruhusa ya mwenye haki. Aliyenunua kitabu cha karatasi anaweza kukiuza, kukigawa au kukiacha katika wosia. Aliyenunua cha kielektroniki, kwa kawaida, amenunua leseni ya kukisoma, na leseni hiyo imefungwa kwenye akaunti yake. Akifa, aghalabu akaunti hufa naye. Nguo ya kuazima, walisema wazee, haisitiri matako. Msomaji anayejivunia vitabu 400 ndani ya kifaa chembamba kuliko daftari anaweza kuwa amevaa nguo 400 za kuazima.

Pwani ya Waswahili ina neno la kale kwa jambo hili, nalo lina uzito kuliko neno umiliki. Katika msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh, kuna miswada ya kale ya mkono ambayo baadhi yake imeandikwa kwamba ni wakfu. Kitabu kikiwekwa wakfu, hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakigawanywi katika mirathi. Aliyekitoa amejivua umiliki, na anayekishika baada yake hakipati kuwa mali yake. Hukisoma, hukitunza, na humpisha mwingine. Kwa mantiki hiyo, swali la nani mwenye kitabu linapisha swali jingine: kimewekwa kwa nani, na kwa ajili ya nani. Jina lake ni amana.

Kipimo cha amana hakiipendelei karatasi peke yake. Miswada hiyo ya Riyadha ilikuwa katika hatari ya unyevu wa bahari na wadudu, kama ilivyo miswada mingi ya pwani. Hassan Mwakimako na Anne Bang waliongoza kazi ya kuipiga picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Kitabu kilichowekwa wakfu Lamu kwa ajili ya wanafunzi wa msikitini kimepata, kwa njia ya kioo, wanafunzi ambao aliyekitoa hakuwaota. Picha hizo za kioo zina roho ya wakfu kuliko riwaya ya karatasi iliyofungiwa kabatini na mwenyewe asiyeazimisha. Na kitabu cha kielektroniki kilichofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja hakina roho hiyo hata chembe, ingawa kinang'aa kwenye kioo kilekile.

Mpaka wa kimaadili, kwa hiyo, haupiti kati ya karatasi na skrini. Unapita kati ya matini inayoweza kupita kutoka mkono hadi mkono na matini inayokoma kwa aliyeilipia. Karatasi ina heshima katika jambo hili kwa sababu tabia ya kupita mkononi imo katika umbo lake, haihitaji ruhusa ya mtu. Kioo kinaweza kuwa na tabia hiyo pale wenye matini wanapotaka iwe nayo.

Limebaki dai la tatu, kwamba kilichoachwa uwanjani ni uzito tu. Dai hili ndilo linaloonekana dogo, na ndilo linalogusa nyumba za Stockholm kwa ndani.

Sweden imewapa watoto wa wahamiaji fursa ya kufundishwa lugha ya nyumbani shuleni tangu mageuzi ya mwaka 1977. Ni fursa ya kuheshimiwa, na nchi nyingi tajiri hazina mfano wake. Lakini ina masharti: kwa kawaida wanaoitaka lugha hiyo katika manispaa wasipungue watano, na mwalimu anayefaa apatikane. Hata yakitimia, kipindi ni kifupi mno kulinganisha na saa ambazo Kiswidi humzunguka mtoto kuanzia chekechea hadi uwanja wa mpira. Lugha ambayo shule huishika kwa dakika chache katika wiki, nyumba hulazimika kuishika kwa siku zilizobaki. Na nyumba hufundisha kwa kinachoonekana kuliko kwa kinachohubiriwa.

Na achukuliwe mama wa kubuni, muuguzi msaidizi, ambaye baada ya zamu huketi kwenye kochi na kusoma Peponi. Akiisoma kwa karatasi, mtoto wa miaka minane aliye sakafuni huona jalada, huona jina lisilo la Kiswidi, huona alama ya ukurasa ikisogea siku baada ya siku, na siku moja huuliza, “Mama, huyo kijana amefika wapi?” Mama yuleyule akisoma riwaya ileile kwenye simu, mtoto huona mgongo wa simu. Mgongo huo hauna tofauti wakati mama analipa kodi ya nyumba, anapoangalia picha za harusi ya Mombasa, anapogombana na mtu kwa maandishi, na anaposoma fasihi bora ya lugha yake. Kwa macho ya mtoto, matendo hayo manne ni tendo moja: mama yuko kwenye simu. Mama amesoma kweli. Kusoma kwake ndiko hakukuonekana, na kitu kisichoonekana hakiigwi.

Kifaa cha wino wa kielektroniki husaidia nusu ya njia, kwa kuwa mtoto hujua kwamba kifaa kile ni cha kusomea tu. Bado hajui kinasomwa nini, wala kwa lugha gani. Rafu humwambia. Rafu ya vitabu vya Kiswahili katika fleti ya Skärholmen, hata ikiwa na vitabu 15 vilivyopinda, humwambia mtoto kila anapopita kwenda jikoni kwamba lugha hii ina mambo mengi ya kusema kuliko “kula” na “lala” na “vaa koti”. Huenda asivisome. Hilo lazima likubaliwe bila kupaka rangi: rafu haijawahi kumlazimisha mtu kusoma, na nyumba nyingi za wasomi zimekuza watoto wasiofungua kitabu. Lakini mtoto aliyekataa kitabu alichokiona anaweza kukirudia akiwa na miaka 30, wakati wa kugawa vyombo vya marehemu mama yake. Atafungua jalada, atakuta jina la mama kwa kalamu ya bluu na mwaka alioununua. Akaunti iliyofungwa kwa nywila haina droo ya kufunguliwa namna hiyo.

Watoto wa Stockholm wenyewe wameonyesha kwamba wanaelewa thamani ya kitu cha kupeana. Tangu mwaka 1988, wanafunzi wa Rinkeby, kitongoji ambacho wazazi wengi wametoka mbali, wamekuwa wakimsoma mshindi wa Nobel ya Fasihi wa mwaka, wakiandika na kuchora, na kazi zao kuwekwa katika kijitabu kinachochapwa. Mshindi hualikwa huko kukutana nao. Wangeweza kumtumia kiungo cha mtandaoni. Lakini anayekuja kutoka mbali kukutana na watoto wa watu waliotoka mbali hukabidhiwa kitu mkononi, na mkono huo huondoka nacho.

Nyumbani Afrika Mashariki mizani hiyohiyo inaanza kupimwa. Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza wa shule za msingi za umma. Tanzania, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Ni hatua zenye faida, na mwalimu wa kijijini aliyepata maktaba ndani ya kifaa kimoja hastahili kuhubiriwa na mtu wa Ulaya aliyechoka na skrini. Lakini uzoefu wa Sweden una funzo lisilohitaji kulipiwa mara ya pili: kifaa kinapokuja kuongeza vitabu ni neema, na kinapokuja badala ya vitabu, hesabu yake hufika baadaye.

Je, msomaji wa Stockholm achague nini? Jibu la “vyote viwili” ni rahisi mno kwa mtu mwenye begi moja na mshahara mmoja. Kuna kanuni iliyo nyembamba zaidi, na inayodai zaidi. Kile anachokisoma ili kupita, yaani habari, makala, riwaya ya safarini, rejea ya kazini, akisome kwa kifaa chochote kinachompunguzia mzigo na kinachomlipa aliyeandika. Kile ambacho hakipatikani ila kwenye kioo, akisome hapo bila aibu, na akipate kwa njia inayoruhusu na mwingine akipate. Lakini vile vichache ambavyo angependa vibaki nyumbani baada yake, vile ambavyo ni amana ya lugha kwake kwa ajili ya mtu mwingine, avinunue kwa karatasi, avilipie, aandike jina lake na mwaka, na aviazimishe. Na jirani akichelewa kurudisha, avumilie. Kitabu kinachozurura Tensta nzima kinafanya kazi iliyokusudiwa.

Kanuni hii haimfanyi mtu kuwa msomaji bora. Inamkumbusha tu kwamba lugha yake aliipokea kwa watu ambao hawakumtoza, na kwamba kuipokea kuna upande wa pili. Mwenye lugha kubwa anaweza kusahau upande huo, kwa kuwa wapo wengine mamilioni watakaoubeba kwa niaba yake. Mwenye lugha inayosikika nyumbani mwake tu, ghorofa ya nne, hana wa kumwachia.

Basi na arudi pale mizanini, begi likiwa wazi na foleni ikinung'unika nyuma yake. Dagaa watakwisha kabla ya Februari. Achari itakwisha kabla yao. Riwaya tatu za karatasi, za kurasa mia mbili mbili, kwa pamoja hazifiki kilo moja. Kuna jozi ya viatu humo ambayo hataivaa.